Mabango ya Walioshindwa

Swali lililomkera Sajenti Verna Kostiuk tangu alipoamka lilikuwa dogo tu: nani anahangaika kuchoma ofisi ya watu wanaoshindwa kila uchaguzi?

Alilibeba swali hilo pamoja na kahawa yake hadi kwenye gereji ya vielelezo, nyuma ya makao ya polisi ya Winnipeg, ambako bango lenyewe lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Lilikuwa bango la plaiwudi, kubwa kama mlango, lililopakwa rangi nyekundu ya Chama cha Kazi na kuandikwa kwa herufi nyeupe jina la mgombea wao, Jocelyn Guiboche. Kona moja ilikuwa imeungua. Wazima moto walilikuta limeegemezwa ukutani chini ya dirisha la nyuma la ofisi ya kampeni ya wapinzani wao, Chama cha Ustawi, kana kwamba mtu alilikanyaga ili afike juu. Dirisha lilikuwa limevunjwa. Ndani, kati ya makopo ya rangi na viti vya kukunja, walimkuta mzee Eugene Sawka amelala kifudifudi.

Mzee huyo hakutakiwa kuwa mle. Familia yake ilidhani yuko Gimli kwa dada yake, akila samaki na kulalamika kuhusu magoti. Sasa alikuwa hospitali, mpira wa hewa puani, hajazinduka. Akifa, kesi ya kuchoma jengo ingegeuka kuwa kesi ya kuua, na mtu wa kuibeba alikuwa ameshapatikana. Orest Fedak, mpaka rangi mstaafu aliyetengeneza mabango ya Chama cha Kazi maisha yake yote, alikuwa mahabusu tangu jana. Mwendesha mashtaka alitaka jalada lake mezani kabla ya ofisi kufungwa.

"Bosi, mimi sioni tabu iko wapi," alisema Konstebo Amadeo Lacsamana, msaidizi wake, mtu mnene mwenye mabinti watatu na subira ya kila aina isipokuwa ya njaa. "Bango ni la Fedak. Mdomo ni wa Fedak. Na tabia ya kuchoma vitu ni ya Fedak huyo huyo."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ijumaa iliyopita, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, watu wakila perogi, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, za Kwaresima, Fedak alisimama na sahani yake akatangaza kwamba mabango ya Ustawi hayafai kitu ila kuni. Watu walicheka. Lakini kwenye kumbukumbu za polisi kulikuwa na jambo lisilochekesha sana. Miaka mingi nyuma, Fedak alitozwa faini kwa kuwasha moto mkubwa wa mabango ya uchaguzi katika kiwanja nyuma ya kanisa hilo hilo.

"Sawa," Verna alisema. "Lakini kwa nini awachome hawa? Unajua Tamarack imewapa Ustawi ushindi mara ngapi?"

"Mimi mtu wa ng'ambo ya mto. Niambie."

"Haijawahi."

Basi akamweleza, akilizunguka bango huku akinywa kahawa yake, maana yeye alizaliwa na kukulia katika jimbo hilo la uchaguzi na mambo yake alikuwa nayo kichwani. Tangu vita vilipokwisha Tamarack ilikuwa ya Chama cha Kazi. Kwanza walipiga kura wafanyakazi wa reli, kisha wanawake wa viwanda vya nguo, kisha Wafilipino na watu waliohamia kutoka vijiji vya Wenyeji wa kaskazini. Majina kwenye milango yalibadilika, harufu za majikoni zilibadilika, kura ikabaki pale pale. Ustawi nao walijaribu kila dawa. Walikuwa na rangi ya kahawia walipojiita chama cha wakulima, wakahamia bluu, wakahamia njano, na katika rangi zote hizo walipigwa. Eugene Sawka aligombea katika rangi zote tatu. Mara moja alikaribia hata jaji akaagiza kura zihesabiwe upya, na zilipohesabiwa upya akashindwa kwa kura kumi na moja. Alimpa mshindi mkono, akaenda kunywa wiski na Orest Fedak.

"Na Fedak?" Lacsamana alishtuka. "Wanakunywa pamoja?"

"Baada ya kila uchaguzi. Na karata kila Jumanne."

Mara moja tu Chama cha Kazi kiliangushwa Tamarack, na hata hapo si Ustawi waliokiangusha. Ilikuwa mwaka ambao serikali ya Kazi yenyewe ilitaka kulifunga daraja la juu ya reli. Mwoka mikate mmoja aitwaye Zenon Prystupa aligombea peke yake, bila chama, akiahidi daraja na si kingine. Akashinda. Daraja likabaki, Prystupa akarudi kwenye tanuri lake, na uchaguzi uliofuata Tamarack ikarudi kwa Kazi bila hata kuona haya.

"Ila mwaka huu wamechora mipaka upya," Lacsamana alisema, kidole juu. Alikuwa mnene, hakuwa mjinga. "Zile nyumba mpya ng'ambo ya barabara kuu, za gereji mbili mbili, zimeingizwa Tamarack. Kila redio inasema uchaguzi mdogo huu Lorna Sawka anaweza kushinda. Binti wa mzee. Sasa Fedak, mtu ambaye hajazoea kuogopa, kaogopa. Swali lako si limejibiwa?"

Lilikuwa limejibiwa, na jibu lilikuwa zuri. Verna alikiri hivyo moyoni na hakufurahi. Akaweka kikombe chini, akabonyeza rangi nyekundu kwa ukucha wa kidole gumba, karibu na herufi ya kwanza. Rangi iliinuka, ikatoka kipande kizima, laini na kipana kama ganda la yai lililochemshwa.

Alikitazama kwa muda. Rangi iliyopakwa ndani, mahali pa joto, hung'ang'ania mbao hata ukiikwangua kwa kisu. Inayotoka namna hii ilipakwa kwenye baridi, na mtu mwenye haraka. Chini ya tundu lile jekundu kulikuwa na njano.

"Usiliguse tena hili mpaka nirudi," alisema. "Na mwambie mtaalamu wa vielelezo nitahitaji ruhusa ya kulikwangua."

Orest Fedak aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na soksi tu, maana viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa vikapimwe mafuta ya taa. Vidole vyake vilikuwa na wekundu kwenye kucha. Vilikuwa hivyo tangu Verna alipokuwa shule ya msingi. Kabla hajakaa aliuliza habari za Eugene.

"Bado hajazinduka, mzee."

"Anapenda redio. Waambie wamfungulie redio, hata kama hasikii."

Verna aliahidi kuwaambia. Kisha akamwuliza mabango yake huyapaka rangi wapi. Fedak alimtazama kama mtu anayeulizwa analala upande gani wa kitanda. Chini ya nyumba, alisema, karibu na tanuru la kupashia joto, na kila bango hukaa pale mpaka likauke kabisa kabla halijaona theluji. Hili la dirishani alikuwa ameonyeshwa picha yake. Si lake.

"Lina rangi yenu. Lina jina la mgombea wenu."

"Lina rangi ya dukani, binti. Yeyote mwenye brashi anaweza kuwa nayo."

"Na herufi?"

"Mabango yangu yamesimama kila kona ya mtaa. Weka karatasi juu ya moja, fuatisha kwa penseli, umemaliza. Huyu angalau angenyoosha mstari."

Verna alifungua jalada kwenye ukurasa wa ile faini ya zamani. Akamsomea. Masikio ya Fedak yalipata rangi.

"Uliyachoma kwa sababu gani, mzee? Mwaka huo mlishindwa na Prystupa. Ulikuwa na hasira?"

"Hasira ipi? Nilimpigia kura Prystupa mwenyewe. Daraja lile nilikuwa navuka kila siku." Akainama mbele, akashusha sauti. "Hilo usiliandike."

Verna alishusha kalamu. Akauliza tena, taratibu, mabango yaliyochomwa yalikuwa ya nani.

"Yetu."

"Ya Chama cha Kazi?"

"Ya nani mwingine? Yalikuwa na jina la mtu aliyeshindwa. Aliyeshinda, bango lake naliweka, uchaguzi ukija nampaka mpya juu yake, anapata bahati ya mwenzake. Aliyeshindwa namchoma usiku ule ule. Baba yangu alifanya hivyo kabla yangu. Ukimpaka mgombea juu ya aliyeshindwa, umemlaza kitanda kimoja na maiti."

"Na Ustawi? Wao huchoma?"

Kwa mara ya kwanza Fedak alitabasamu. "Wangekuwa wanachoma, wangebaki na ubao gani? Eugene ana mabango aliyopaka mara tatu nne. Namtania kila Jumanne. Namwambia, Eugene, wewe umebeba makaburi." Tabasamu likafifia. "Mimi nimempinga mtu huyu tangu tukiwa na nywele. Siwezi kumwashia moto. Andika hilo, ukipenda."

Verna aliliandika. Alitoka na miguu myepesi zaidi ya alivyoingia, jambo ambalo hakulipenda, maana mpelelezi akianza kumpenda mshukiwa huanza pia kuona asichopaswa kuona. Maneno ya mzee hayakuwa ushahidi. Ila yalikuwa maneno yanayoweza kupimwa.

Walikwenda kuyapima nyumbani kwa Fedak. Mkewe, Olha, aliwafungulia bila salamu, akawaonyesha ngazi ya kwenda chini, akarudi jikoni kupiga sufuria kwa kelele ambazo hazikuhitajiwa na mapishi. Huko chini mabango yalisimama yakiegemea ukuta, safu kwa safu. Verna alimwambia Lacsamana achague lolote, asimwangalie yeye. Lacsamana alichagua la nyuma kabisa, lililokuwa na vumbi. Wakalikwangua kwa kisu cha rangi, ukanda mmoja mwembamba kutoka juu hadi chini.

Nyekundu, na chini yake nyekundu, na chini yake tena nyekundu. Kila tabaka lilikuwa na jina lake katika herufi nyeupe, na majina hayo Verna aliyajua yote. Mmoja alimkabidhi zawadi shuleni. Mwingine alizikwa kwa heshima za mkoa. Kila mmoja wao alikaa kwenye Bunge la mkoa kwa kura za Tamarack. Jina la aliyeangushwa na Prystupa halikuwepo. Wakachukua bango lingine, na lingine. Hali ikawa ile ile.

"Huyu mzee ana historia ya jimbo zima chini ya nyumba," Lacsamana alisema.

"Ya walioshinda," alisema Verna. "Twende tukaione ya wengine."

Mtaalamu wa vielelezo aliwapa ruhusa kwa masharti: picha kabla, picha baada, na kukwangua upande mmoja tu. Verna alianza juu, mahali pasipo na herufi, penye wekundu mtupu. Rangi nyekundu ilitoka bila ubishi. Chini yake ikaja njano, na juu ya njano, kwa herufi nyeusi, jina: SAWKA. Njano ilikuwa sugu, ikahitaji nguvu. Chini yake bluu, na kwenye bluu: SAWKA. Chini ya bluu kahawia iliyopauka, na kwenye kahawia, kwa herufi za kizamani zenye mikia: SAWKA.

Lacsamana alivuta kiti akakaa. Kesi yake nzuri ya asubuhi ilikuwa imeisha, naye aliichukulia kiungwana.

"Fedak hawezi kuwa na hili," alisema polepole. "Hili ni bango la Ustawi. Mtu kalipaka nyekundu juzi juzi, ili tuseme ni Kazi."

"Na hakujua kwamba Fedak hapaki juu ya aliyeshindwa."

"Au alijua na hakudhani kuna mtu atakwangua." Alisogeza kichwa karibu na ile njano. "Bosi, na haya madoa?"

Kwenye rangi ya njano, nusu ya chini, kulikuwa na alama nyeusi, nyingi, za mviringo uliokatika, nyingine zimeingia hadi kwenye mbao. Verna alidhani ni za moto. Lacsamana akatikisa kichwa. Mabinti wake watatu wote walicheza hoki, na mlango wa gereji yake ulikuwa na alama kama hizo kutoka juu hadi chini. Ni alama za kisahani cha hoki ya barafuni, alisema, kile kibapa cha mpira mgumu, kimepigwa kwa gongo, miaka na miaka. Kisha akaonyesha chini kabisa, ambako upana wa kiganja kizima mbao ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi kwa maji, na nyekundu haikushika kabisa.

"Hapa lilikuwa limeganda ndani ya barafu. Mtu kaling'oa kwenye ukingo wa uwanja wa barafu wa nyuma ya nyumba."

Winnipeg ina viwanja vya namna hiyo nyuma ya nyumba ngapi, hakuna anayejua. Lakini vilivyozungushiwa mabango ya Eugene Sawka haviwezi kuwa vingi. Mtu wa kuulizwa mabango ya zamani yalienda wapi alikuwa mmoja tu. Verna alimtuma Lacsamana hospitali, akae karibu na mzee na kuhakikisha wamemfungulia redio. Yeye akachukua gari kwenda kwa Lorna.

Lorna Sawka aliishi katika mtaa wa zamani wa Tamarack, hatua chache kutoka daraja la Prystupa. Kwenye bustani ya mbele, katika theluji iliyokuwa ikiyeyuka na kuwa matope, lilisimama bango dogo la njano lenye jina lake. Alikuwa amesimamisha kampeni tangu moto. Hata hivyo, redio zilisema, huruma ya watu ilikuwa imempandisha. Alifungua mlango mwenyewe, mwanamke mrefu, mwenye koti la ofisini na soksi za sufi za baba yake. Yeye na Verna walisoma shule moja, darasa tofauti.

"Verna. Umekuja kuniambia Orest amefunguliwa mashtaka?"

"Bado. Nina swali dogo tu."

Jikoni, meza ilikuwa imejaa sahani zilizofunikwa kwa karatasi za aluminiamu, chakula cha majirani. Lorna alimmiminia kahawa bila kumwuliza. Mikono yake ilikuwa imetulia. Verna aliangalia mikono kwanza siku zote, na hii haikumwambia kitu.

Akauliza mabango ya zamani ya baba yake yalienda wapi.

"Yaliungua," Lorna alijibu. "Yalikuwa ofisini."

Jibu lilikuja haraka mno. Wazima moto walikuwa wameorodhesha mabango ofisini, yote mapya, yote ya Lorna. Verna alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo bila ukali, akainua macho kwenye dirisha lililo juu ya sinki, na hapo akaona kwamba hahitaji kulisema.

Uwanja wa nyuma ulikuwa umejaa maji ya kijivu juu ya barafu iliyokuwa ikioza. Kuuzunguka pande zote, yakitazama ndani, yalisimama mabango ya njano yaliyochakaa, na kila moja lilikuwa na jina lile lile. SAWKA, SAWKA, SAWKA, yote yametobolewa na kupakwa madoa meusi ya visahani. Upande wa mbali, katikati ya safu, palikuwa na ubao mmoja mpya, mweupe, bado na karatasi ya bei ya dukani.

Lorna alifuata macho yake.

"Baba alijenga uwanja huo kwa ajili ya watoto wa mtaa," Lorna alisema mwishowe. "Alisema angalau hapo watu watalilenga jina lake kwa makusudi."

"Lile la dirishani nimelikwangua, Lorna."

"Sijui unasema nini."

"Nyekundu iko juu. Chini yake yuko yeye, mara tatu. Orest hapaki juu ya mtu aliyeshindwa. Huyachoma. Ile faini yake tuliyodhani inamfunga, ndiyo inayomfungua."

Lorna aliketi. Akasema mtu yeyote angeweza kuruka uzio na kung'oa ubao. Verna akakubali, angeweza. Akasema ile mbao mpya aliiweka kwa sababu ya zamani ilioza. Verna akakubali na hilo, akauliza ni lini, akaongeza kwamba stakabadhi ya duka itasema. Simu ya Verna ikalia, naye akaipokea akiwa amesimama pale pale karibu na sinki, macho yake kwa Lorna.

Alikuwa Lacsamana, akinong'ona kutoka kwenye korido ya hospitali. Mzee alikuwa amezinduka. Sauti imemkauka, lakini amesema, na amesema mbele ya muuguzi. Anadai ni yeye. Aliwasha taa ya mafuta ili aangalie mabango, ikaanguka. Dirisha alilivunja yeye akitafuta hewa. Orest hakuwepo, hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, waandike hivyo na wamletee kalamu atie sahihi.

"Umemwuliza kuhusu bango?"

"Nilimwuliza. Kasema hajui bango lolote. Halafu akalia, bosi. Nimehoji watu wengi. Huyu anadanganya, na hajui kudanganya."

Verna alikata simu. Kulikuwa na njia za kulifanya jambo hili kwa utaratibu: kumwonya, kumpeleka kituoni, kuwasha kinasa sauti. Alimwonya, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Kisha akamwambia.

"Baba yako amezinduka."

Lorna alifunika uso kwa mikono yote miwili. Ilikuwa furaha, furaha tupu, na Verna alijisikia vibaya kwa sentensi iliyofuata.

"Anasema ni yeye aliyechoma."

Mikono ilishuka. "Ni yeye?"

"Taa ilianguka. Peke yake. Yuko tayari kutia sahihi."

"Lakini hakukuwa na..." Lorna alijikatiza katikati ya neno. Verna alimwona akilifikiria, hatua baada ya hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Baba alikuwa ndani. Baba yuko macho. Baba anasema uongo. "Aliniona," alisema.

"Nadhani alikuona."

"Na hakuniita?"

"Mlango wa mbele haukuwa mbali naye. Angeweza kutoka. Wazima moto walikuta koti lake limeungua mikono yote miwili. Tulijiuliza kwa nini. Alikuwa anajaribu kuuzima, Lorna, kabla mtu mwingine hajauona."

Lorna aliitazama meza, sahani zote zile za majirani. Alipoanza kusema hakutua. Alisema alimwambia baba yake asionekane ofisini mchana, kwamba watu wa nyumba mpya wakimwona watakumbuka kushindwa. Mzee hakubisha. Alisema atakwenda Gimli. Kumbe alikuwa akisubiri kila mtu aondoke, kisha anaingia na ufunguo wake wa zamani, kukaa tu. Lorna hakutaka kumdhuru yeyote. Alitaka jengo tupu, dirisha moja, bango moja, na habari za asubuhi. Alitaka Tamarack imhurumie Sawka mara moja, maana kumpenda ilishindwa.

"Kwa nini lile?" Verna aliuliza. "Mbao ziko tele dukani. Ungenunua mpya ukaipaka, nisingekuwa na la kukwangua."

"Mpya ingeonekana mpya. Nilitaka yenye umri, kama za Orest." Akatazama nje. "Sikuchagua, Verna. Nilichukua iliyolegea. Zote pale ni za baba."

Aliinuka, akazima jiko lililokuwa na supu, akavaa buti. Verna alimpigia mwendesha mashtaka, akamwambia jalada la Fedak lisisubiriwe, na kwamba mzee arudishiwe viatu vyake. Kisha akampigia Lacsamana, akamwambia amfuate Fedak mahabusu na kumfikisha hospitali kabla ya kumfikisha nyumbani. Atajua mwenyewe cha kuongea, alisema.

Mlangoni Lorna alisimama mbele ya bango lake dogo la njano.

"Karatasi za kura zimeshachapishwa?"

"Zimeshachapishwa."

"Kwa hiyo jina langu litakuwepo. Naweza hata kushinda."

Verna alifikiria nyumba za gereji mbili, mipaka mipya, mwoka mikate na daraja lake. Tamarack ilikuwa imefanya mambo ya ajabu zaidi ya hilo.

"Unaweza," alisema.

Lorna alitikisa kichwa polepole. Akalishika lile bango, akaling'oa kwenye matope, akalilaza kwenye ngazi uso chini.

"Mwambie Orest ayachome yangu yote, nikishinda nikishindwa," alisema. "Ya baba ayaache."